Mjusi wa Tendaguru kwa Skeli ya Moja kwa Ishirini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Bluff, Durban)

  

Kamati imenipa robo saa nieleze kilichofunikwa kwa kitenge juu ya meza ile tangu asubuhi, ambacho watoto wamekatazwa kukigusa na wamekwisha kukigusa. Ni sanamu ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule ambaye wataalamu humwita dinosaria, iliyofinyangwa kwa udongo hapa hapa Bluff, katika banda la gari, na wajukuu watano chini ya usimamizi wangu. Nitazungumzia vipimo vyake, maana vipimo ndivyo vilivyotugombanisha.

Kwa mliozaliwa ughaibuni: Tendaguru ni kilima katika nchi ya Wamwera, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba huko chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nimesema "ilichimba", waliochimba ni watu wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa mabegani na vichwani mpaka Lindi, mwendo wa siku kadhaa, zikapakiwa melini. Marehemu Bibi alitusimulia kwamba baba yake alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la Boheti, Australodocus bohetii. Ilichukua karibu miaka mia.

Yule mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na angali huko. Suala la kumrejesha limeulizwa katika Bunge letu zaidi ya mara moja. Mjukuu wangu wa darasa la tano alinijia na kitabu akisema, "Babu, huyu ni mjusi wa Ujerumani." Hapa Bluff tunalijua jambo la namna hiyo. Watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kuletwa Durban kuanzia 1873, wakakaa King's Rest mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960, waliitwa Wazanzibari, hali wengi wao walikuwa Wamakua wa pwani ya Msumbiji. Kwa hiyo nikaamua mjusi huyu afinyangwe hapa, na afinyangwe sawasawa.

Miaka yangu ya utumishi serikalini niliimaliza katika ramani, na mtu wa ramani huuliza kwanza: skeli ni ipi? Tulichagua moja kwa ishirini, kwa kuwa meza yetu ina urefu wa meta moja na nusu tu. Mifupa iliyoko Berlin ina kimo cha meta 13.27 na urefu wa meta 22 na ushei. Kwetu ikawa sentimeta 66 kwa kimo na meta moja na kidogo kwa urefu. Wakazi wa zamani wa Bluff wanaokumbuka kiwanda cha nyangumi kilichofungwa mwaka 1975 watasema urefu huo si mgeni kwao. Lakini nyangumi hubebwa na maji. Huyu alisimama kwa miguu yake.

Kimo na urefu havitoshi. Mifupa ile ya Berlin haikutoka kwa mnyama mmoja: mwili ni wa mmoja hasa, ila mapengo yamejazwa kwa mifupa ya wengine. Isitoshe, ilipounganishwa upya na kuzinduliwa mwaka 2007, miguu ya mbele iliyokuwa imepindwa ilinyooshwa, mkia uliokuwa ukiburura ukainuliwa, na kichwa kikapanda juu zaidi. Mifupa ni ile ile, kimo si kile kile. Ndiyo sababu niliwakataza wajukuu kuanza na kimo. Fundi wa jahazi huanza na mkuku, na kila kitu kingine hufuata. Mkuku wetu ni mfupa mmoja uliopimwa vizuri, ule wa mkono wa mbele kutoka bega hadi kiwiko: meta 2.13. Kwa skeli yetu ni sentimeta 10.65. Tulikata kijiti cha urefu huo, nacho kikawa dhiraa yetu.

Shingo, yenye pingili 13, ni karibu meta 8 na nusu, yaani vijiti vinne kamili. Mfupa wa paja ni pungufu ya kijiti kimoja, sentimeta 9.8 hivi. Hapo watoto walibisha, maana walikwisha kufinyanga miguu minne iliyolingana kama ya ng'ombe. Lakini huyu ni jamaa ya twiga kwa umbo, si kwa damu: mabega juu, kiuno chini, mgongo unateremka. Hata mifupa ya viganja vya mbele imesimama wima kama nguzo, ikizidi kuyainua mabega. Mwanasesere wa dukani tuliyemweka mezani kama mfano alikuwa na mgongo wa tembo na tumbo la kiboko. Tulimwondoa.

Ugomvi mkubwa ulikuja tulipofinyanga wapagazi. Binamu yangu, ambaye namheshimu na yuko hapa, alishauri tuwafanye wa sentimeta 5 ili mjusi aonekane mkubwa zaidi. Nilikataa, na ninakataa mbele yenu. Mtu wa meta 1.70 kwa skeli hii ni sentimeta 8.5, sehemu nne kwa tano za kijiti. Mtu wa sentimeta 5 ni mtu wa meta moja, yaani mtoto wa miaka minne. Tungembebesha mtoto mzigo aliobeba baba yake Bibi. Mjusi hahitaji msaada huo: simamisha mpagazi wa kimo halali kando ya mfupa wa mkono, na mfupa unampita.

Sasa uzito. Watoto walidhani kitu kilichofupishwa mara 20 hupungua uzito mara 20. Sivyo; hupungua kwa urefu, kwa upana na kwa kina, na 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Tulipima udongo kwa kopo la lita moja, yakaisha makopo manne. Lita 4 mara 8,000 ni meta za ujazo 32. Na kwa kuwa mnyama huyu alikuwa na nafasi za hewa shingoni na mwilini kama ndege, tukahesabu kila meta ya ujazo kuwa kilo 800, tukapata chini kidogo ya tani 26. Mwaka 1962 Edwin Colbert, kwa kutumia sanamu ndogo kama yetu, alipata tani 78. McNeill Alexander, kwa sanamu za plastiki za moja kwa arobaini, alipata tani 46.6. Mwaka 2009 Michael Taylor alipata tani 23.3. Mifupa haikuongezeka wala kupungua. Kila mmoja aliivika nyama kwa kadiri aliyoona. Kopo moja la udongo kwenye tumbo ni zaidi ya tani sita kwa mnyama, na binamu yangu angependa niongeze mawili.

Karatasi ya vipimo ipo mezani, kila nyumba ichukue nakala. Mjusi atabaki Bluff, maana shingo haitavumilia safari ya ndege. Wapagazi ni kumi na wawili, mmoja kwa kila nyumba, mchukue kabla ya chakula cha jioni. Aliye kwenye kona ana ufa mguuni. Huyo nitabaki naye mimi.