Kifaa Huisha, Rekodi Zitunzwe
Mazungumzo kwa wakazi kuhusu utunzaji wa rekodi za kidijitali



Mweka hazina wa chama huandika michango ya wanachama kwenye simu. Mfugaji huweka humo tarehe za chanjo. Mzazi ana picha za vyeti vya watoto. Siku simu hiyo au programu yake ikikoma, rekodi hizo zitafunguliwa wapi? Historia ya Palm OS ina funzo.

Mwaka wa 1996, kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa Pilot, kompyuta ya kiganjani iliyotoshea mfuko wa shati. Kabla ya kuitengeneza, mwanzilishi wa Palm, Jeff Hawkins, alitembea na kipande cha mbao chenye ukubwa huo mfukoni, aone kama kinabebeka. Pilot haikupiga simu. Ilitunza anwani, kalenda, orodha ya kazi na maandishi mafupi. Mtumiaji aliandika kwa kijiti juu ya kioo, kwa herufi zilizorahisishwa: A, kwa mfano, haikuwa na kistari cha katikati.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja mkubwa. Kumbukumbu yake ilihitaji umeme wakati wote, nao ulitoka kwa betri mbili ndogo. Betri zikiisha kabisa, kila kitu kilifutika. Ndiyo maana Pilot iliuzwa na kitako cha kuiunganisha na kompyuta ya mezani. Mtu aliiweka hapo, akabonyeza kitufe kimoja, na nakala ikabaki kwenye kompyuta. Mwenye mazoea hayo aliweka betri mpya, akarudisha rekodi zake. Asiyekuwa nayo alianza upya.

Kisha mfumo wenyewe ukafikia mwisho. Mwaka wa 2005, PalmSource, kampuni iliyoutengeneza, ilinunuliwa na ACCESS ya Japani. Mwaka wa 2009 Palm ilihamia mfumo mwingine, webOS. HP iliinunua Palm mwaka wa 2010, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vya webOS. Yakawapata pia wenye BlackBerry za zamani: huduma zao zilizimwa tarehe 4 Januari 2022.

Kwa hivyo, wakazi wanahimizwa yafuatayo:

• Hesabu za chama ziwe pia kwenye daftari, na zaidi ya mwanachama mmoja awe na nakala.
• Picha za vyeti na stakabadhi za ardhi zihifadhiwe mahali pengine nje ya simu, na hati halisi zitunzwe.
• Programu ya kuweka rekodi ikaguliwe kwanza: je, inaruhusu kutoa rekodi zote na kuzifungua kwingine?
• Nakala zijaribiwe kabla ya simu ya zamani kuuzwa au kutupwa.

Kampuni inaweza kuufunga mfumo wake. Lakini michango ya chama ni jasho la watu, na anayeidai kesho atataka kuonyeshwa maandishi.