Picha Iliyokatika
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nieleze kazi ninayofanya ughaibuni. Kwa kifupi, nasafirisha picha za video katika njia mbovu. Wenzangu wa bweni watacheka, maana ni mimi niliyeifungua redio yetu nikashindwa kuifunga.

Tuanze na hesabu. Picha moja ya video yenye nukta 1,280 kwa 720 ina nukta 921,600. Kila nukta ikipewa biti 24, na picha 25 zikipita kila sekunde, mtandao unadaiwa karibu megabiti 553 kwa sekunde. Simu ya kijijini haibebi mzigo huo. Kwa hiyo tunatuma picha moja kamili, na zinazofuata tunaeleza mabadiliko tu: mkono umeinuka, ukuta uko palepale. Hapo megabiti 2 hivi hutosha.

Lakini pakiti moja ikipotea njiani, kosa halikai mahali pake. Hurithiwa na picha ya pili, ya tatu, ya mia, mpaka ije picha kamili nyingine. Kuomba pakiti irudiwe kunafaa kwa sinema iliyohifadhiwa. Kwa jambo linalotokea sasa hivi, huenda ikarudi tukio limekwisha kupita.

Mwaka 2020 mama yangu alifariki. Safari za ndege zilikuwa zimesitishwa kwa ajili ya UVIKO-19, nami nikamzika nikiwa jikoni kwangu Uholanzi, mpwa wangu akishika simu kando ya kaburi. Baba alipoinama kuchota udongo, picha ilivunjika vipande vya kijivu. Mkono wake ulibaki hewani, umechanganyika na joho la mchungaji. Ilipotakata, baba alikuwa amekwisha kusogea kando.

“Mjomba, umeona?” mpwa wangu akaniuliza. Nikasema nimeona.

Ambalo sikumwambia ni hili. Programu ile ilitoka katika kampuni niliyokuwa nikiitumikia. Picha kamili ilitumwa kila baada ya sekunde 10, na ni mimi niliyeitetea nambari hiyo mkutanoni, kwa kuwa picha kamili ni nzito na uzito ni fedha. Tulikuwa tumeijaribu katika mtandao wa ofisini, ambako hakipotei kitu.

Na dawa zilikuwapo. Picha hugawanywa vipande, kila kimoja kisomeke peke yake, ili kikipotea kimoja vingine visiharibike. Tena si lazima kungoja picha kamili: kila picha inaweza kubeba ukanda mmoja ulioandikwa upya, leo huu, kesho ule, na “kesho” hapa ni sehemu ya 25 ya sekunde.

Dawa ninayoipenda zaidi ni hesabu ya darasani. Vijana, natuma 7, 4 na 9, na pakiti ya nne yenye jumla yake, 20. Ya pili ikipotea, mnaitoa wenyewe bila kuniuliza. Zikipotea mbili, mmekwama. Hapo ndipo wanahisabati Irving Reed na Gustave Solomon walipotufaa, kwa makala yao ya mwaka 1960: kwa njia yao, ukiongeza pakiti tatu za akiba, zozote tatu zikipotea unazirudisha. Tatizo ni kwamba pakiti hupotea kwa makundi, kama mbuzi. Tunazitawanya zisisafiri pamoja na jirani zake, lakini kutawanya huleta ucheleweshaji, na mazungumzo hayapendi kucheleweshwa.

Tuliiacha nambari yangu. Gharama zikapanda, mkubwa wangu alipouliza sababu, nilimpa majedwali.

Nilipopata kurudi nyumbani, baba alinipeleka kaburini. Akaniuliza kama niliona alivyoutupa udongo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Safari hii nilimwambia kweli. Akainama, akachota tena, akanionyesha.

Kijana anayetaka kuona hesabu ya Reed na Solomon yenyewe, nitakuwa maabara ya fizikia baada ya chakula. Chaki ninayo.