Mwenye Afya Ndiye wa Kufuatwa

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi na kamati za sharika, Nkoaranga)



Nimeombwa nieleze namna ya kuwapata watu wa kujiunga na bima ya afya. Naanza na kosa langu. Ilipokuja CHF iliyoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Nikatangaza baada ya ibada, nikaweka meza chini ya mti. Wakaja mzee mwenye kisukari, mama mwenye presha na binti aliyekaribia kujifungua. Sikuwakataa, bima ni yao pia. Lakini mfuko wa wagonjwa watupu hukauka upesi. Mwenye afya haji mezani. Yeye anapita na bodaboda yake.

Huyo ndiye wa kufuatwa, na afuatwe nyumbani kwake, wakati ana fedha. Ninyi mnajua kuliko mimi fedha ya kahawa huingia lini, na nani hupeleka ndizi Tengeru Jumatano na Jumamosi. Anayebisha hodi Januari, wakati wa ada za shule, anamaliza soli za viatu bure. Mkikaribishwa chai, kunyweni, fomu itasubiri. Ongeeni na baba na mama pamoja: mara nyingi baba ndiye mwenye kauli ya fedha, na mama ndiye anayelala wodini na mtoto.

Shilingi 30,000 kwa mkupuo ilikuwa mzigo, ila kwa wiki haikufika 600. Kikundi kimoja cha VICOBA kiliamua kuweka akiba ya bima kando ya hisa. Hapo niliandikisha kaya nyingi kuliko kwa matangazo yangu yote.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Nilimwambia mama mmoja kwamba kadi itamtibu kila kitu. Akaenda na mtoto, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Hakunigombeza. Jumapili iliyofuata alinirudishia kadi mbele ya watu, akaondoka. Mtaa ule sikuandikisha mtu mwaka mzima. Tangu hapo naanza na yale ambayo kadi hailipi, na kwamba hospitali kubwa unafika kwa rufaa. Wengine huishia hapo. Wanaobaki hulipa tena mwaka wa pili.

Na tusiseme watu wa Meru hawapendi kuchanga. Wazee wetu walichanga ili mwaka 1952 Kirilo Japhet afike Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Hawakuwa matajiri, walijua fedha inakwenda wapi na nani kaibeba.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayotaka kila mkazi awe na bima. Basi kabla ya kutoka ulizeni zahanati au ofisi ya kata viwango vya wakati huo, msitaje vya zamani. Sheria yenyewe haitabisha hodi Songoro.

Kila kamati iniletee orodha ya kaya za mtaa wake, na mbele ya kila jina msimu wake wa fedha. Magonjwa ya watu msiyaandike kabisa. Nanyi wafadhili, mkiniuliza tumeandikisha wangapi, niulizeni pia wangapi wamelipa mara ya pili.