Nyuzi za Gita na Mikono Inayozipiga

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambacho kilikaribia kutupotezea kijana mwema katika kanisa letu. Kitu hicho ni uzi wa gita.

Kanisa letu liko pwani, si mbali na bahari, na upepo wa chumvi huingia madirishani mchana na usiku. Tunalo gita moja zuri la nyuzi za chuma, ambalo washiriki walilichangia kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Mpigaji wake ni kijana wa miaka 22, mtaratibu, si msemaji sana.

Katika muda wa miezi mitatu kijana huyo alimwendea mtunza hazina mara tatu kuomba fedha za nyuzi mpya. Mara ya kwanza alipewa bila neno. Mara ya pili alipewa pamoja na neno. Mara ya tatu jambo lilifika mbele ya halmashauri ya kanisa, na sisi ndio tuliokuwa kwenye kiti. Mzee mmoja aliuliza, "Je, kijana huyu nyuzi anazila?" Watu wakacheka. Mwingine akasema kwamba labda anaziuza. Hapo hakuna aliyecheka, lakini wala hakuna aliyemkanya. Sisi nasi, ambao ilitupasa kusema, tulinyamaza, tukaandika katika daftari kwamba ombi lingoje.

Jumapili iliyofuata gita lilikuwa juu ya kiti, ndani ya mfuko wake, bila mpigaji. Katika mfuko tulikuta stakabadhi za duka, na nyuzi zote kuukuu zimezungushwa vizuri na kufungwa kwa karatasi. Hakuwa ameuza hata uzi mmoja. Tulichukua mmoja, tukaupitisha kati ya vidole. Ulikuwa mweusi, una madoa ya kijani, nao ulikwaruza ngozi. Ulikuwa umekaa kwenye gita majuma manne tu.

Alasiri ile tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake akatuelekeza dikoni, kwa maana mwanawe alikuwa kazini. Tulimkuta akiwatia chumvi samaki wa ng'onda. Alipotuona alitupa kifundo cha mkono tumsalimu, kwa kuwa kiganja kilikuwa kimejaa chumvi na magamba.

Tukamwambia, "Mwanangu, mbona hukutueleza?"

Akajibu kwa heshima, "Padre, hamkuniuliza. Siku za mazoezi natoka hapa moja kwa moja. Nanawa, lakini chumvi haiishi mikononi."

Ndugu zetu, tulirudi nyumbani tukiwa na aibu. Mikono ile ile iliyowalisha wadogo zake ndiyo iliyoziua nyuzi, na sisi tulikuwa tumeihesabu kuwa mikono ya mwizi. Lakini tuliona vilevile kwamba aibu peke yake haitengenezi gita. Basi tukaanza kuwauliza wapigaji wa siku nyingi na mafundi wa magita: Je, kuna uzi unaoweza kuvumilia chumvi?

Tulijibiwa kwamba upo. Huitwa uzi wenye utando, yaani uzi wa kawaida uliofunikwa kwa ngozi nyembamba mno ya plastiki.

Kwanza tueleze uzi wenyewe. Gita la kawaida lina nyuzi sita. Mbili zile nyembamba ni feleji tupu. Nne zilizobaki zina feleji katikati, nayo imezungushiwa waya mwingine wa mchanganyiko wa shaba. Mchanganyiko mmoja ni wa shaba sehemu 80 na zinki sehemu 20 katika kila 100, na sauti yake ni kali na angavu. Mwingine ni bronzi ya fosforasi, ambayo ni shaba na bati pamoja na fosforasi kidogo sana. Kampuni ya D'Addario ya Marekani ndiyo iliyoanza kuutia mchanganyiko huu katika nyuzi za gita, mwaka wa 1974. Sauti yake ni ya joto zaidi, nao husemwa kwamba hudumu kuliko ule wa kwanza.

Jasho la mtu lina chumvi na asidi kidogo. Likigusa feleji, feleji huota kutu. Likigusa shaba, shaba huwa nyeusi au ya kijani. Tena uchafu hujaa katika vile vifereji vidogo kati ya mizunguko ya waya. Hapo uzi huwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, sauti hufifia, na hata ukiulinganisha ukiwa wazi, ukiubana katikati ya shingo hautoi sauti ya kweli. Watu husema kijana hajui kulinganisha gita, kumbe uzi ndio uliokufa.

Sasa, habari ya utando. Sisi tuliokua miaka ya 1980 twayakumbuka magita ya debe. Nyuzi zake tulizitoa katika waya wa breki ya baiskeli, na mwenye baiskeli akitukamata, mnajua yaliyotupata! Kwa hiyo tulifurahi kusikia kwamba uzi wenye utando nao una ujamaa na baiskeli. Kampuni ya W. L. Gore ya Marekani inajulikana kwa kitambaa cha Gore-Tex cha makoti ya mvua. Mhandisi mmoja wa kampuni hiyo aliupaka waya wa baiskeli yake plastiki ya namna ile ili uteleze vizuri, usishike taka. Kutoka katika majaribio kama hayo ndipo lilipotoka wazo la kuzifunika nyuzi za gita, na mwaka wa 1997 kampuni ikaanza kuuza nyuzi ziitwazo Elixir. Plastiki hiyo ni ndugu ya ile iliyo ndani ya vikaango visivyoshika chakula. Baadaye watengenezaji wengine wa nyuzi walitoa za kwao.

Kuna njia mbili za kuutia utando. Wengine huufunika uzi wote baada ya kuuzungushia waya, hata vile vifereji vikazibwa. Wengine huupaka ule waya wa nje kwanza, kisha ndipo huuzungusha. Namna ya kwanza huzuia uchafu vizuri sana, lakini vidole huhisi utelezi. Namna ya pili hukaribia zaidi uzi wa kawaida. Katika zote mbili, mwenye sikio kali atasikia kwamba siku ya kwanza utando umepunguza ukali wa sauti kidogo. Lakini baada ya majuma machache uzi usio na utando umekwisha kufifia, na wenye utando ungali ukiimba.

Je, tuchague vipi? Twawapa mashauri manne.

La kwanza, lijueni gita lenu. Ikiwa lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni, msilitie nyuzi za chuma kamwe, ziwe na utando au zisiwe nao. Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo zamani, na daraja la gita likang'oka kwenye ubao kama kisiki. Nyuzi sita za chuma za unene wa wastani, zikikazwa sawasawa, hulivuta gita kwa nguvu ipatayo kilo 70 na zaidi, nao ni uzito wa mtu mzima.

La pili, someni nambari ya pakiti. Pakiti ya 12 maana yake uzi mwembamba kuliko wote una unene wa sehemu 12 kati ya 1,000 za inchi, yaani kama milimita 0.3. Gita imara hulivumilia hilo. Gita la zamani, au mpigaji anayejifunza, na apewe 11 au 10. Vidole vya mwanafunzi visiteswe bila sababu.

La tatu, mwangalieni mpigaji. Yuko apigaye kwa kidole gumba na cha shahada, kama walivyopiga wazee wa mtindo wa omutibo huko magharibi mwa Kenya, mfano wa marehemu George Mukabi. Vidole vitupu huukwangua utando kidogo tu. Yuko apigaye kwa kipande kigumu cha plastiki, na huyo ataona utando ukichanika na kutoa nyuzinyuzi kama pamba. Msiogope, wala msizikwangue kwa kisu. Uzi bado haujafa.

La nne, fanyeni hesabu nzima. Uzi wenye utando waweza kuwa na bei ya mara mbili au zaidi ya ule wa kawaida, na mtunza hazina atashtuka. Kwetu sisi pakiti ya kawaida ilidumu majuma manne. Ile yenye utando tuliifunga juma la Jumatano ya Majivu, na tulipoadhimisha Pentekoste ilikuwa ingali ikitumika. Kwa muda huo tungalinunua pakiti tatu za kawaida na kuanza ya nne. Lakini kumbukeni: utando huzuia uchafu na kutu, hauzuii uzi kukatika. Wekeni uzi mwembamba mmoja au miwili ya akiba.

Baada ya kununua, kuna kutunza. Utando si kisingizio cha uvivu.

Mpigaji anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa kabla ya kulishika gita. Akimaliza, achukue kitambaa kikavu cha pamba, aubane kila uzi kati ya vidole viwili na kuupangusa tangu daraja hadi mwisho wa shingo, juu na chini, kwa maana jasho hukaa upande wa chini usioonekana. Asipake mafuta ya taa wala spiriti, wala asisugue kwa waya wa kusugulia sufuria. Wako wanaochemsha nyuzi kuukuu ili zirudishe sauti. Nyuzi zenye utando zisifanyiwe hivyo.

Wakati wa kufunga nyuzi mpya, badilisheni mmoja mmoja, ili shingo isilegee kwa ghafula. Msiushike uzi kwa koleo mahali utakapopigwa, maana jeraha moja la utando ni mlango wa kutu. Msikate mkia wa uzi kabla ya kuukaza na kuulinganisha. Ukunjeni kwanza, kisha kateni. Pale juu shingoni uzi unapopita katika kifereji, sugueni unga wa penseli kidogo, uzi uteleze usichunwe. Mkiona vile vyuma vidogo vya shingoni vimechimbika na kuwa na kingo kali, mpelekeeni fundi kwanza, ama sivyo mtaununua utando ili ukatwe na chuma.

Gita lisiachwe karibu na mabati ya moto, wala ndani ya gari juani. Lirudi katika mfuko wake likiwa kavu. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, msivitupe. Wekeni viwili humo, mbali na watoto.

Hayo ndiyo mambo ya nyuzi. Sasa turudi kwa kijana wetu.

Halmashauri ilipokutana tena tuliomba daftari lile lile, tukasoma kwa sauti tulichokuwa tumeandika, kisha tukaziweka mezani zile nyuzi nyeusi pamoja na stakabadhi. Kijana alikuwepo, kwa kuwa tulimwita. Tulimwomba radhi mbele ya watu wale wale waliocheka, kwa maana aibu aliyotiwa hadharani haikufaa kuondolewa mafichoni. Yule mzee aliyeuliza kama nyuzi zinaliwa alisimama, akatoa mfukoni fedha zake mwenyewe, akasema, "Pakiti ya kwanza ya utando ni juu yangu, mwanangu." Kijana hakusema mengi. Alilichukua gita, na Jumapili alikuwa mahali pake.

Wapenzi wasikilizaji, yamkini katika kanisa lako hakuna gita. Lakini bila shaka yuko mtu anayeomba kitu kile kile mara kwa mara: mpishi wa shule anayeomba sufuria, mlinzi anayeomba betri za tochi, mwalimu wa watoto anayeomba chaki. Ni halali kuuliza fedha zimekwenda wapi, kwa maana sadaka ni amana. Ila tulijifunza kwamba swali hilo likija peke yake huumiza. Juma hili kabla ya kuliuliza, mwendee mtu huyo mahali anapofanyia kazi. Msalimu. Itazame mikono yake. Huenda ukajibiwa kabla hujafungua kinywa.

Tukijaliwa, tutaonana tena juma lijalo wakati kama huu. Mungu awabariki. Kwaherini.