Baada ya Ramadhani: Tushike Azma Ngapi?

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, mwezi wa Shawwal)

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na wote wenye kufuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mwezi wa Ramadhani umetuaga, na kila mmoja wetu ametoka nao akiwa na azma kifuani. Katika kumi la mwisho, tuliposimama usiku nyuma ya imamu, tulimuahidi Mola wetu mambo mengi. Tutaamka kila usiku kwa tahajudi, tutafunga kila Jumatatu na Alhamisi, tutahifadhi juzuu ya 30, tutajifunza Kiarabu, tutahudhuria darsa baada ya Magharibi, tutaanza kuweka akiba ya Hija, tutaimaliza nyumba iliyosimama kwenye msingi. Azma zote hizo ni njema, wala hakuna hata moja ya kulaumiwa.

Lakini na tuseme kweli, kwani msikitini si mahali pa kudanganyana. Mwaka jana tuliweka azma hizi hizi. Shawwal ilipokwisha tulikuwa tumebaki na nusu yake, na ilipoingia Muharram wengi wetu hatukuwa na hata moja mkononi. Safu za Alfajiri zilizokuwa zikifika mlangoni zikarudi kuwa safu moja ya wazee wale wale. Basi ugonjwa wetu si uchache wa nia. Ugonjwa wetu ni kuzibeba zote kwa pamoja, kisha kuziangusha zote kwa pamoja. Kwa hiyo leo tunajiuliza swali moja: Muislamu ashike azma ngapi kwa wakati mmoja?

Faradhi haimo katika hesabu hii

Kwanza tuondoe utata. Sala tano, funga ya Ramadhani, Zaka kwa mwenye uwezo, kulipa deni lililofika muda wake, kuwalisha mke na watoto, kuwatendea wema wazazi: haya hayachaguliwi wala hayasubiri zamu. Mwenye kusema, "Mwezi huu nitashughulikia tahajudi, Alfajiri nitaitazama mwezi ujao," ameanza kuezeka kabla ya kujenga ukuta. Na mwenye kuweka akiba ya Umra ya pili ilhali mwenye duka anamdai tangu mwaka jana, naye aipange upya safari yake. Swali letu linahusu yale tunayoyaongeza juu ya faradhi kwa hiari yetu, yawe ya ibada au ya maisha ya dunia.

Na hata faradhi zenyewe hazikufundishwa kwa mkupuo. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yemen, alimuelekeza awaite watu kwanza kwenye shahada, wakiitikia, awajulishe sala tano, wakitii, ndipo awajulishe Zaka. Qur'an yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23. Mola aliyetuumba anaujua uzito ambao bega la mja linaweza kuubeba.

Kisa cha Abdullah bin Amr

Bukhari na Muslim wamepokea habari za kijana mmoja katika sahaba, Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.). Alikuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku kwa Qur'an. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mkewe ana haki na mgeni wake ana haki. Akamuelekeza afunge siku tatu kwa mwezi na aikhitimu Qur'an mara moja kwa mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi, na kila alipoongezewa akasema anaweza zaidi, hadi akaishia kwenye funga ya Nabii Daud, yaani kufunga siku moja na kula siku moja, na kukhitimu kila siku saba.

Abdullah akazeeka na nguvu zikapungua. Hapo ndipo aliposema kwamba lau angeikubali ile ruhusa ya Mtume (s.a.w.) ya mwanzo. Hata hivyo hakuacha. Alipodhoofika alikula siku kadhaa mfululizo, akazihesabu, kisha akafunga idadi ile ile, kwa kuchukia kuliacha jambo aliloagana nalo na Mtume. Ndugu zetu, huyu ni sahaba, na mzigo aliouchukua ujanani ulimlemea uzeeni. Sisi tunajitwika mara mbili yake, tena kwa kauli ya usiku mmoja tu!

Ni kijana huyu huyu aliyeusiwa na Mtume (s.a.w.) asije akawa kama mtu fulani aliyekuwa akisimama usiku, kisha akaacha. Hapa pana onyo zito. Mtu anayevunja azma baada ya azma huanza kuamini kwamba yeye si wa ibada. Shetani humnong'oneza, "Umejaribu mara ngapi? Hayo yana wenyewe." Mwisho hata sunna za kabla na baada ya sala humtoka, na faradhi nayo hubaki haina ukuta wa kuilinda.

Faida ya kidogo chenye kudumu

Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa chache. Na Bukhari amepokea kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yumo mjini kwake. Tuizingatie neema hii. Mwenye rakaa mbili za usiku alizozizoea kwa miaka, siku atakayolala kitandani hoi, daftari lake litaendelea kuandikwa. Lakini aliyeanza mambo saba na kuyaacha saba, ataandikiwa nini siku hiyo? Maradhi hayatoi taarifa, na mauti hayangojei Ramadhani nyingine.

Imetajwa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) alikaa miaka minane akijifunza Suratul Baqara. Sura hiyo ina aya 286. Kwa wastani ni aya tatu hivi kwa mwezi. Nani kati yetu leo asingeona haya kutaja kasi hiyo?

Mbona Abu Bakr?

Huenda mtu akauliza: Je, Mtume (s.a.w.) hakuuliza siku moja ni nani aliyeamka amefunga, aliyefuata jeneza, aliyemlisha maskini na aliyemtembelea mgonjwa, na kila swali Abu Bakr (r.a.) akajibu kuwa ni yeye? Ndiyo, Muslim ameipokea. Lakini tutazame aina ya amali hizo. Jeneza, maskini na mgonjwa ni milango inayofunguka katika siku ya mtu, naye akaingia kila ulipofunguka. Kheri ya namna hii haina kikomo, wala tusiihesabu. Tunachokipunguza ni ahadi za muda mrefu, zile zinazodai saa ile ile na nguvu zile zile kila siku. Mshika mawili moja humponyoka. Itakuwaje kwa mshika saba?

Ushauri wetu

Kwanza, tuziandike azma zetu zote, kisha tuchague mbili tu: moja ya ibada na moja ya dunia. Jambo linaloziba pengo katika faradhi litangulie, likifuatiwa na lile lenye haki ya mtu mwingine ndani yake.

Pili, tuipime kila azma kwa siku yetu ya uchovu, si kwa usiku wa 27. Mvuvi ajiulize ataweza nini akirudi alfajiri kutoka baharini. Mama ajiulize ataweza nini mtoto akikesha na homa. Kinachowezekana siku hiyo ndicho kiwango chetu.

Tatu, tusiongeze jingine mpaka la kwanza liwe ada. Alama ya ada ni kuwa jambo likikupita unahuzunika na kulilipa. Mtume (s.a.w.) alipozuiwa na maumivu au usingizi asisimame usiku, alisali rakaa 12 mchana.

Nne, zilizobaki tusizitupe. Mwenye kukusudia jema kwa dhati kisha asiweze kulitenda, huandikiwa jema kamili. Basi anayesubiri zamu kwa nia safi hajapoteza kitu. Hasara ni ya aliyeanza yote na kuyakimbia.

Ndugu zetu, Ijumaa hii kabla hatujalala, kila mmoja akae na nafsi yake na ataje mbili. Inshaallah, Ramadhani ijayo ikitukuta hai, itukute nazo bado mikononi.

Ewe Mola wetu, tukubalie yaliyopita, utuimarishe katika machache tuliyoyashika, wala usitufanye miongoni mwa wanaorudi nyuma baada ya kuanza. Amin.

Wabillahi tawfiq.