KALSIAMU, MAGNESIAMU NA DAMU INAYOGANDA

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, pamoja na wanafunzi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka



Katibu aliponiandikia akinitaka niseme machache katika mkutano huu, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lo lote. Najua wengi mlitegemea niseme habari za utumishi serikalini, vyeo na pensheni. Hayo tutayasema jioni kwenye chai, na bila shaka tutayasema kwa sauti kubwa. Mimi kazi yangu ni majalada na vikao, si daktari. Lakini nilisoma kemia hapa na kisha Chuo Kikuu, na kemia ninayotaka kuizungumza leo haizidi sana ile ya Kidato cha Tatu. Naileta kwa sababu naona imeanza kutumiwa kutudanganya sisi watu wazima.

Sisi tuliotoka hapa miaka ya 1990 tumefikia umri wa magoti kulia na presha kupanda. Wachuuzi wa vidonge vya virutubisho wanalijua jambo hilo kuliko tunavyolijua wenyewe. Wanatufuata maofisini, kwenye mabasi, na kwenye semina za hotelini ambako soda ni bure na kopo la vidonge ni bei ya mbuzi. Maneno yao ni mawili, nami nimeyasikia kwa masikio yangu. La kwanza ni kwamba kalsiamu hufanya damu kuwa nzito, kwa hiyo mtu akiinywa lazima anunue na magnesiamu. La pili ni kwamba magnesiamu huyeyusha damu "kwa njia ya asili", kwa hiyo mwenye kuinywa hahitaji tena dawa za hospitali.

Neno hilo la pili limemfika mwenzetu mmoja. Familia yake imeniruhusu niseme habari zake bila kutaja jina. Alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja, na wa bweni letu mtamkumbuka kwa mkono wake wa kulia katika meza ya tenisi. Aliwekewa vali ya bandia ya moyo, akawa anakunywa warfarini kila jioni kwa miaka sita, na kila mwezi anapima damu kliniki. Muuzaji mmoja akamwambia kwamba warfarini ni sumu ya panya, na kwamba magnesiamu itafanya kazi ile ile bila madhara. Akaacha dawa, akanywa vidonge. Baada ya wiki saba damu iliganda kwenye ile vali, kipande kikapanda kichwani, akapata kiharusi. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono ule hauinuki, na maneno yanamtoka moja moja. Ndiyo sababu hamkumwona mwaka huu.

Sasa turudi darasani. Mnakumbuka maji ya kisima chetu cha zamani, yale ambayo sabuni haikutoa povu mpaka umalize nusu ya mche. Mwalimu alitufundisha kwamba hayo ni maji magumu, na kinachoyafanya magumu ni kalsiamu na magnesiamu. Ndugu wawili hao wamo pia miilini mwetu. Mtu mzima ana kalsiamu ipatayo kilo moja, na asilimia 99 imo ndani ya mifupa na meno. Magnesiamu yote ya mwili ni kama gramu 25 tu. Kile kidogo kilichobaki kwenye damu ndicho chenye hadithi yetu.

Unapojikata kwa wembe, kwanza vijichembe vidogo viitwavyo chembe sahani hukimbilia pale penye jeraha na kushikana. Kisha protini kadha wa kadha za damu huamshana, moja ikiigusa nyingine, mpaka ipatikane thrombini. Hiyo thrombini huigeuza protini iliyoyeyuka, iitwayo fibrinojeni, kuwa nyuzi za faibrini, na nyuzi hizo huzinasa chembe nyekundu kama wavu unavyonasa dagaa. Kalsiamu inaingia wapi? Inazishikisha baadhi ya protini hizo juu ya chembe sahani ili ziweze kufanya kazi mahali pamoja. Bila kalsiamu zinaelea tu, na damu haigandi.

Jambo hilo liligunduliwa Ufaransa mwaka 1890. Maurice Arthus na Calixte Pagès walitia oksaleti katika damu. Oksaleti ikaikamata kalsiamu yote, na damu ikabaki majimaji. Walipoongeza kalsiamu, ikaganda. Vijana wa Kidato cha Nne, hilo ni jaribio safi kabisa: ondoa kitu kimoja, jambo linakoma; kirudishe, jambo linaanza tena. Oksaleti ni sumu, haiwezi kutiwa mwilini mwa mtu, lakini mwaka 1914 Albert Hustin huko Brussels na Luis Agote huko Buenos Aires, kila mmoja kwa upande wake, walitumia sodiamu sitreti, ambayo huikamata kalsiamu bila kumdhuru mgonjwa. Mwaka 1915 Richard Lewisohn wa New York akapima kiasi kinachofaa, asilimia 0.2. Kabla ya hapo kumwongezea mtu damu kulitaka mtoaji alale ubavuni mwa mpokeaji, damu ipite moja kwa moja kabla haijaganda. Tangu hapo damu ikaweza kuwekwa na kungojea mgonjwa.

Basi, mchuuzi atasema: mmeona, kalsiamu hugandisha damu, kwa hiyo kalsiamu nyingi itagandisha zaidi. Hapana. Njiti moja ya kiberiti huwasha jiko la mkaa. Ukitia kiberiti kizima, mkaa hauwaki mara hamsini. Damu yetu daima ina kalsiamu ya kutosha na ziada kwa kazi hiyo. Tena mwili hauiachi ipande na kushuka ovyo. Kuna tezi nne ndogo shingoni zinazoilinda kama mtunza ghala mkali: ikipungua kidogo, huiazima kutoka mifupani, ikizidi, huacha kuiazima, na figo huitoa. Kabla kalsiamu haijapungua kiasi cha kuizuia damu isigande, misuli ingekakamaa na moyo ungepotea njia. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, kopo la vidonge halibadili mgando wa damu yake.

Nisiwafiche, lakini, kwamba kuna shauri jingine juu ya vidonge hivyo ambalo halijafungwa. Mwaka 2010 watafiti wa Auckland, New Zealand, walikusanya majaribio kadhaa na kuona kwamba waliokunywa vidonge vya kalsiamu walipata shtuko la moyo zaidi kwa kiasi cha asilimia 30 kuliko wasiokunywa. Wengine wakapinga, na mwaka 2016 vyama viwili vya wataalamu huko Marekani, cha mifupa na cha kinga ya moyo, vilitamka kwamba kalsiamu ya chakula au ya vidonge, isipozidi miligramu 2,000 hadi 2,500 kwa siku, haina uhusiano na maradhi ya moyo. Mimi nasimama upande wa dagaa. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Glasi kubwa ya maziwa ina karibu 300, na dagaa walioliwa na mifupa yao wanaongeza sehemu nzuri. Sioni kwa nini mtu mwenye maziwa na dagaa anunue kopo la bei ya mbuzi, isipokuwa daktari amemwagiza.

Na wako wanaoagizwa kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wapewe kalsiamu mahali ambapo chakula kina upungufu wake, ili kuzuia kifafa cha mimba. Shida ilikuwa wingi wa vidonge, miligramu 1,500 hadi 2,000 kila siku. Lakini yalifanyika majaribio mawili, moja India na moja hapa kwetu Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024: katika kuzuia hali hiyo ya hatari inayotangulia kifafa, miligramu 500 hazikuwa dhaifu kuliko 1,500. Ninyi mliooa, habari hiyo ichukueni mpaka nyumbani, na mama aende nayo kliniki akaulize.

Sasa magnesiamu. Mchuuzi hakuitunga hadithi yake yote. Katika chupa za maabara magnesiamu kweli huzipunguzia chembe sahani hamu ya kushikana. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za madaktari kuijaribu kwa wagonjwa wa shtuko la moyo. Mwaka 1992 jaribio la Leicester, Uingereza, lenye wagonjwa 2,316, lilionyesha kwamba waliochomwa magnesiamu walikufa wachache zaidi, pungufu ya asilimia 24. Watu walifurahi. Likafuata jaribio kubwa zaidi, lililotangazwa 1995, lenye wagonjwa 58,050 katika nchi nyingi. Faida haikuonekana. Hiyo ni magnesiamu ya sindano, ndani ya mshipa, kwa kipimo kikubwa, hospitalini. Sasa mtu anatuuzia kidonge kimoja cha asubuhi akisema kitashika nafasi ya warfarini!

Haina maana kwamba magnesiamu ni bure. Katika jaribio lililotangazwa 2002, lenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, sindano za magnesiamu salfeti zilipunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Na wauguzi wa wodi ya wazazi watawaambia kwamba mama akizidiwa na magnesiamu, pumzi ikaanza kufifia, dawa ya kumwokoa ni kalsiamu glukoneti. Ndugu wawili wa maji ya kisima, mmoja anamtuliza mwenzake. Kwa vidonge, anayezidisha magnesiamu kwa kawaida huishia kuhara. Ila mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari, maana haina mahali pa kutokea.

Nirudi kwa neno "sumu ya panya", kwa sababu limeumiza mtu. Ni kweli, na habari yake ni nzuri. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini ya Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1933 mkulima mmoja alibeba ndoo ya damu isiyoganda mpaka maabara ya Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1939 maabara hiyo iliipata kemikali yenyewe, na kutokana nayo ikazaliwa warfarini, iliyouzwa kwanza kuwa sumu ya panya mwaka 1948 na kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower mwenyewe alipewa. Herufi nne za mwanzo za jina hilo, W, A, R na F, ni za mfuko wa utafiti ulioanzishwa mwaka 1925 na wahitimu wa chuo hicho, yaani wanafunzi wa zamani kama sisi. Mweka Hazina wetu, ambaye bado anadai michango ya paa la bwalo, ameniomba niliseme hilo polepole.

Warfarini haiigusi kalsiamu yenyewe. Inaizuia vitamini K, ambayo kazi yake ni kuzipa zile protini za damu mikono ya kushikia kalsiamu. Protini bila mikono, kalsiamu haina pa kushika. Hapa ndipo hatari nyingine ilipojificha, na makopo mengi ya kalsiamu yanayouzwa leo yameibeba: someni nyuma ya kopo, mtaona mara nyingi imeongezwa vitamini K2. Kwa mtu wa kawaida si neno. Kwa anayekunywa warfarini inaweza kuivunja nguvu dawa yake bila yeye kujua. Anayetumia dawa hiyo aende kliniki na makopo yake yote mkononi, hata ya vitunguu saumu, ayaweke mezani mbele ya daktari. Mchicha asiuache, aule kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, kwa kuwa nao una vitamini K nyingi, na kipimo cha dawa hupangwa kwa kufuata mlo wake wa kawaida.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mwalimu wa zamu anaitazama saa. Kikosi cha damu salama kimekwisha kutandika vitanda katika bwalo. Mtakapoingia, utazameni mfuko kabla haujajaa: mtaona maji kidogo chini, mililita 63 kwa damu mililita 450. Humo mna sitreti ile ile, inayoikamata kalsiamu ili damu yenu iweze kukaa katika jokofu hadi siku 35. Anayetakiwa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, kwa hiyo wale wa Kidato cha Sita waliotimiza miaka wanaweza kupanga mstari pamoja na sisi wazee. Anayekunywa warfarini asitoe, lakini aje akae nami pale mlangoni, nina karatasi zenye siku za kliniki za mkoa wetu.