Kabla Kasha Halijatoa Makuta ya Osiloskopu

Kamati ilituomba tueleze zile namba zinazoandikwa kwenye osiloskopu, kwa sababu vijana wanataka kununua moja iliyokwisha tumika, na makuta yatatoka katika kasha la wote. Kila mwenye kuchanga ana haki ya kujua ni kitu gani kinanunuliwa.

Kwa wasioijua: multimeta inakuambia umeme ni volti ngapi. Osiloskopu inachora kwenye kioo namna umeme ule unavyopanda na kushuka. Radio ikinyamaza, fundi anafuata mustari ule hatua kwa hatua mpaka pale unapopotea.

Namba ya kwanza muuzaji atataja ni megahezi. "Hii ni 100, ile ni 20 tu!" Na bei inafuata. Lakini namba hiyo inaonyesha mahali mashine imeshaanza kudanganya: wimbi laini la volti 10 likifika megahezi 20, mashine ya 20 itaonyesha karibu volti 7. Wimbi la mraba linataka nafasi zaidi. Mafundi huhesabu mara tano.

Sasa atelye yetu inatengeneza nini? Onduleri za sola zinatoa hezi 50, na ndani yake ni makumi ya kilohezi. Chaja za simu ni karibu hivyo hivyo. Radio inageuza AM kuwa kilohezi 455 na FM kuwa megahezi 10,7. Mashine ya 20 inayaona hayo yote. Wimbi lenyewe la FM, kati ya 87,5 na 108, halitaonekana sawasawa, lakini mara chache fundi wa radio anakuwa na haja nalo. Kwa maoni yetu 20 inatosha, na makuta yanayobaki yanunue kamba nzuri za kupimia.

Mukipata ya dijitali, muulize pia inachukua sampuli ngapi kwa sekunde, na kwa chaneli ngapi. Rigol DS1054Z, kwa mfano, inachukua bilioni 1 ukitumia chaneli moja. Ukifungua zote nne, kila moja inabaki na milioni 250.

Tufike kwenye namba ambayo hakuna muuzaji anayeitaja: volti za juu kabisa, zilizoandikwa karibu na tundu la kuingizia. Mara nyingi ni 300 au 400. Mutu atasema, umeme wetu ni 220, hakuna shida. Shida iko. Kilele cha 220 kinafika karibu 310, na ndani ya chaja ndiyo hiyo munayokutana nayo. Kwa hiyo kamba iwekwe kwenye ×10, nayo iwe na volti zake zimeandikwa.

Tena ile klipu nyeusi ya kamba imeungana na bodi ya mashine na pini ya ardhi ya prizi. Ukiishika kwenye upande wa umeme mkubwa, cheche inaruka, kamba inaungua. Wengine wanakata ile pini. Musifanye hivyo hata siku moja! Bodi nzima inabaki na umeme, na kijana anaishika kwa mikono. Na kwetu prizi nyingi hazina ardhi, kwa hiyo hatari ile iko tayari bila kukata kitu. Chaja inayopimwa ipitie kwanza transfoma ya kutenganisha. Tunaomba kamati iweke bei yake katika hesabu tangu leo.

Siku ya kununua, waende watu wawili. Waangalie kama iko ya 110 au ya 220. Waunganishe kamba kwenye kile kichuma cha mbele chenye kutoa wimbi la mraba, kwa kawaida la kilohezi 1, kwa kila chaneli. Wazungushe kila kitufe, wakiangalia kama mustari unaruka. Waiache ikiwaka nusu saa. Wabebe na bateri na onduleri yetu, muuzaji asiseme leo umeme hakuna.

Wenye maswali waulize.